TAHARIRI: Kampeni za afya zipimwe kwa maambukizi, si kwa mabango

Wengi wetu hapa Ghuba tuna mtoto, mpwa au binamu Marekani, wengine mpaka Lakeville huko, kusini ya Minneapolis. Simu zetu ni zile zile: umekula, umesali, baridi vipi? Habari za magonjwa ya zinaa hatuzigusi. Tunaziachia shule na mabango ya afya.

Je, mabango yanasaidia kweli? Jibu zuri limetoka kwetu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori Mkwaju, mtu wa wanawake wengi. Kwa miaka 2 Dodoma ikawekewa kipindi kingine, makusudi, ili watafiti walinganishe. Waliosikiliza mchezo walisema wamepunguza wapenzi na wanatumia kondomu zaidi. Vizuri, lakini hayo ni maneno ya mtu kuhusu nafsi yake. Nani atamkiri mgeni mwenye daftari kwamba hajabadilika?

Mwanza wakapima damu. Mradi wa Mema kwa Vijana uliwafundisha wanafunzi wa shule za msingi. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba vijana walijua mengi zaidi, ila maambukizi mapya ya VVU hayakupungua. Mkoa huo huo, utafiti wa 1995 ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida, kwa wahudumu waliofunzwa na dawa zisizokatika, kulipunguza maambukizi ya VVU kwa karibu asilimia 40. Kujua peke yake, basi, hakutoshi. Mtu aone pia pa kwenda.

Minnesota takwimu zipo. Idara ya afya ya jimbo huzitoa kila mwaka, ikitenganisha vitongoji kama Lakeville na miji mikubwa, na kuwahesabu peke yao waliozaliwa Afrika. Hao wamo kwenye orodha ya wanaogundulika na VVU kuliko idadi yao katika jimbo. Tena sheria ya huko inamruhusu kijana aliye chini ya miaka 18 kutibiwa magonjwa ya zinaa bila ya idhini ya mzazi. Mlango uko wazi, kinachomzuia mara nyingi ni aibu tuliyomfungia nayo mzigo.

Msimamo wetu ni huu. Zinaa ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini kampeni tusiihukumu kwa picha iliyotuudhi, wala tusiisifu kwa wingi wa mabango. Tuulize: wangapi wamepima, wangapi wametibiwa, maambukizi mapya yamepungua? Fedha ziende panapojibiwa maswali hayo.

Na sisi wazazi tuna kampeni yetu, haina gharama. Simu ya Ijumaa hii, baada ya habari za baridi, ongeza moja: "Mwanangu, umepima afya yako?" Akinyamaza, usimfokee. Mwambie ukweli wa dini, na mwambie hospitali ni haki yake.