Asiyekuwepo na lake halipo: Hesabu ya chanjo za watoto wa Pwani inamwacha nani?

Kila ripoti ya afya ya kaunti inapotoka, macho yetu hukimbilia asilimia. Ikisomwa kwamba watoto tisa katika kila kumi wamechanjwa, viongozi hupongezana na mkutano hufungwa kwa dua. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: hao kumi walihesabiwa wapi?

Asilimia ya chanjo hutokana na namba mbili. Ya kwanza ni dozi zilizotolewa, ambazo muuguzi huziandika kwenye daftari na kuzijumlisha kila mwezi. Ya pili ni idadi ya watoto waliotarajiwa katika eneo lile. Namba ya kwanza ina kasoro zake, lakini angalau daftari lipo. Ya pili ni makadirio. Huchukuliwa hesabu ya sensa ya 2019, ikaongezwa kiwango cha ongezeko la watu, kisha kila kituo kikapewa fungu lake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Zahanati imeambiwa itarajie watoto 200 kwa mwaka, nayo ikachanja 190. Hiyo ni asilimia 95, na muuguzi anastahili pongezi. Lakini ikiwa watoto walioko vijijini kwa kweli ni 260, basi waliochanjwa ni asilimia 73 tu, na watoto 70 wako nje. Hapo hakuna aliyesema uongo. Kinyume chake pia hutokea: hospitali ya mjini inayopokea kina mama kutoka mitaa ya mbali huweza kuandika zaidi ya asilimia 100, jambo lisilowezekana, huku kule walikotoka kukionekana kumezorota.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kaunti zetu sita za Pwani zilikuwa na watu wapatao milioni 4.3 katika sensa ya 2019. Miongoni mwao kuna wafugaji wa Tana River wanaofuata maji na malisho, familia zinazohamishwa na mafuriko ya mto huohuo, wapangaji wa vyumba vya Mombasa wanaohama kila kodi inapopanda, na wakaazi wa vijiji vya msitu wa Boni kule Lamu, ambako ukosefu wa usalama umewahi kufunga zahanati. Mtoto aliyezaliwa nyumbani katika familia kama hizi hana cheti cha kuzaliwa wala kijitabu cha kliniki. Hayumo katika dozi zilizotolewa, na mara nyingi hayumo hata katika wanaotarajiwa. Kwa hivyo kukosa kwake chanjo hakuishushi asilimia hata chembe.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba husaidia kusahihisha picha hii. Ule wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 80 katika kila 100 wa umri wa miezi 12 hadi 23 walikuwa wamekamilisha chanjo za msingi. Lakini takwimu zake hufika ngazi ya kaunti na kukomea hapo. Haziwezi kumwambia mkaazi wa Ganze, Kinango au Faza hali ya kijiji chake. Na surua, au shurua kama wengi tunavyoiita, haijali wastani wa kaunti. Ili isisambae, watoto 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa wamepata dozi mbili, ya miezi tisa na ya miezi 18. Kaunti inaweza kusifiwa kwa wastani mzuri huku kijiji kimoja ndani yake kikiwa kuni kavu zinazosubiri cheche.

Ipo pia haja ya kutenganisha matatizo mawili. Mtoto ambaye hajapata hata dozi ya kwanza ya pentavalenti, ile ya wiki sita, ni mtoto ambaye huduma haijamfikia kabisa. Yule aliyepata ya kwanza akakosa ya tatu, ya wiki 14, alifikiwa kisha akapotea. Wa kwanza anahitaji kliniki ya kuhamahama, au mashua. Wa pili huenda mamake alisafiri mwendo mrefu akaambiwa chanjo imekwisha, arudi wiki ijayo. Tunakumbuka uhaba wa chanjo za BCG na polio uliokumba nchi katikati ya mwaka 2025. Asilimia moja ya jumla huwachanganya watoto hawa, na tiba ikakosewa.

Kwamba hesabu bora inawezekana, ushahidi uko hapa hapa kwetu. Tangu 2000, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust wamekuwa wakiorodhesha wakaazi wa sehemu ya kaunti ya Kilifi, zaidi ya watu robo milioni, wakirudi kila nyumba mara kadhaa kwa mwaka kuandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Chanjo inayotolewa kliniki inaweza kuunganishwa na jina la mtoto na nyumba yake. Hapo hakuna kukisia nani anatarajiwa.

Mpango wa aina hiyo ni ghali kuueneza kote. Lakini tangu 2023 serikali imewapa simu wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, na kazi yao ni kuzuru nyumba. Kila mmoja akiandika watoto wote waliozaliwa katika nyumba zake, na orodha hiyo ikalinganishwa na daftari la zahanati kila mwezi, tutajua majina ya waliokosa. Bila shaka kazi hiyo itahitaji posho inayolipwa kwa wakati, na mtu wa kuzifuatilia familia zinazohama.

Kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti kikifika mtaani kwenu, ulizeni mambo matatu kwa kila wadi: watoto wangapi hawajaanza chanjo, wangapi walianza wakaacha, na ni siku ngapi zahanati ilikaa bila chanjo. Majibu huenda yakashusha asilimia tunayojivunia. Na ikishuka, kaunti isiadhibiwe kwa kusema kweli, kwani watoto hao walikuwapo siku zote.