Treni ya mafuta ikipita Keza, nani atabaki nayo usiku?

Jina la Keza limekuwa kwenye michoro ya reli kwa miaka mingi, pengine kuliko wakazi wengi wa kata hiyo wanavyojua. Katika mpango wa reli wa pamoja wa Tanzania, Rwanda na Burundi, njia ya kutoka Dar es Salaam hupita Isaka na kuendelea hadi Kigali. Pale Keza ndipo tawi la Burundi lilipochorwa kuchepuka kwenda Gitega na Musongati, kwenye madini ya nikeli. Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana tena kuijenga njia ya Isaka hadi Kigali. Tawi la Burundi limeanza kupata sura kwa upande mwingine: Januari 2025 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa, SGR, kutoka Uvinza mkoani Kigoma hadi Musongati. Keza bado inasubiri.

Mama anaweza kuuliza, ukurasa wa afya una habari gani na reli? Ni kwa sababu ya mzigo. Rwanda na Burundi hazina bahari wala visima vya mafuta, na sehemu kubwa ya petroli na dizeli yao huingia kupitia Tanzania. Leo mzigo huo unapita kwenye malori ya tenki kutoka Lusahunga, kupitia Nyakahura, hadi Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi. Kama reli itafika, sehemu ya mzigo itahamia kwenye mabehewa. Treni moja inaweza kubeba mafuta ya makumi ya malori kwa safari moja. Hilo ni jambo jema kwa usalama wa barabara. Ila likitokea baya, linatokea kubwa, na waliokaa karibu ndio huumia.

Tuanze na breki

Treni haisimami kama lori. Breki zake hufanya kazi kwa upepo unaosukumwa na injini kupitia bomba linalopita chini ya mabehewa yote. Injini ikizimwa, upepo huo huvuja polepole, kama tairi la baiskeli lenye tundu dogo. Baada ya saa kadhaa breki zinaweza kulegea. Ndiyo maana kila behewa lina breki ya mkono, na treni ikiegeshwa lazima mtu atembee kandokando yake akizikaza moja baada ya nyingine, kisha ajaribu kama kweli zimeshika. Ni kazi ya kuchosha, hasa usiku, hasa kwa mtu aliyeendesha kutwa nzima.

Tarehe 6 Julai 2013 huko Lac-Mégantic, mji mdogo wa Kanada, treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ghafi ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko nje ya mji. Ilikuwa na dereva mmoja tu. Alikaza breki za mkono 7, ambazo hazikutosha, akaenda kulala hotelini akiwa ameacha injini moja inawaka. Injini hiyo ikashika moto. Zimamoto wakaja, wakauzima moto na kuizima injini pia. Upepo ukaanza kuvuja. Saa saba usiku hivi treni ikaanza kuteremka yenyewe, bila mtu ndani, ikaanguka katikati ya mji na kulipuka. Watu 47 walikufa.

Baada ya msiba huo Kanada iliamuru treni zinazobeba mizigo hatari ziwe na wafanyakazi wasiopungua wawili, na zisiachwe bila mtu kwenye njia kuu. Marekani nayo, mwaka 2024, ilitoa kanuni ya wafanyakazi wawili kwa treni nyingi za mizigo, baada ya miaka ya mvutano na makampuni ya reli yaliyoona mtu wa pili kuwa gharama.

Hapa tuwe waangalifu. Wachunguzi wa ajali ya Lac-Mégantic hawakusema kwamba mtu wa pili angeizuia. Walitaja sababu nyingi zilizofungamana: injini mbovu, breki chache, mafunzo hafifu, usimamizi uliolegea. Kuweka watu wawili ambao wote wamechoka na hakuna aliyefundishwa ni kuongeza idadi tu. Lakini sisi tunaona faida moja ya mtu wa pili ambayo haihitaji utaalamu kuielewa: mmoja anaweza kwenda kutafuta msaada na mwingine akabaki na mzigo. Mama aliyewahi kuuguza mtoto usiku akiwa peke yake nyumbani analijua hilo bila kufundishwa. Ukienda kutafuta usafiri, nani anabaki na mtoto?

Sisi wenyewe tunajua treni isiyoshikika hufanya nini. Tarehe 24 Juni 2002 karibu na Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,000 ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Siku ile treni ya mizigo haikulipuka.

Mafuta yanapomwagika

Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo hatari ya leo bado iko barabarani, na msiba wa kujifunzia uko hapa hapa nchini. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Dereva wake alikuwa akimkwepa mwendesha pikipiki. Watu walikimbilia pale na madumu. Lori likalipuka. Waliokufa siku hiyo na katika wiki zilizofuata walizidi 100, wengi wao vijana, wakiwemo waendesha bodaboda. Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, ilikuwa hivyo hivyo. Sange, mashariki mwa Kongo, Julai 2010, waliokufa walizidi 200, na wengine hawakuwa na dumu wala ndoo: walikuwa wamekusanyika karibu na barabara kutazama Kombe la Dunia.

Baada ya misiba hii husemwa kwamba watu ni wajinga au wana tamaa. Hatukubaliani na maneno hayo. Lita ishirini za petroli ni pesa ya siku nyingi kwa kijana wa kijijini, na hakuna aliyemwonyesha kitu kinachoua. Kinachoua si yale mafuta unayoyaona. Ni mvuke wake, ambao hauonekani. Petroli hutoa mvuke hata asubuhi ya baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautawanyiki juu kama moshi. Hutambaa chini, hujaa mitaroni na mabondeni, hufika mbali na pale lori lilipolala. Cheche moja ya pikipiki inayowashwa, ya sigara au ya betri ya lori inayochomolewa, inatosha kuuwasha wote kwa mara moja. Na mtoto mfupi anaingia ndani ya mvuke huo kabla ya mtu mzima.

Lori la mafuta kwa kawaida lina dereva, na mara nyingi utingo. Wakiumia wote wawili, hakuna wa kulinda eneo. Kwa nusu saa au zaidi kabla polisi hawajafika, walinzi ni wale walio karibu, na mara nyingi walio karibu ni wanawake na watoto wa nyumba za kando ya barabara.

Basi ikitokea, usisogee kutazama. Ita watoto, hesabu wote, ondokeni kwa miguu kuelekea upande upepo unakotoka, mkipanda juu badala ya kushuka bondeni. Mita 300 ni umbali wa kuanzia. Kama lori tayari linawaka, nendeni mita 800, sawa na viwanja vinane vya mpira vilivyopangwa mstari. Kabla ya kuondoka zima jiko kama uko mbali na mafuta. Kama harufu imeshafika ndani, acha kila kitu, usiguse hata swichi ya taa. Simu piga ukiwa umeshafika mbali. Zimamoto ni 114, polisi ni 112. Ukiweza, waambie namba iliyoandikwa kwenye kibao cha rangi ya chungwa nyuma ya tenki: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Usikaribie lori ili kuisoma.

Petroli iliyozolewa ikifika nyumbani inaendelea kuwa hatari. Huuzwa rahisi, huchanganywa na mafuta ya taa, na kibatari kilichotiwa mchanganyiko huo hulipuka mikononi mwa anayekiwasha, ambaye nyumba nyingi ni mama au binti. Mafuta ya bei ya chini sana yasiyojulikana yalikotoka, yaache. Na yasitiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Yakipanda tena huingia kwenye mapafu. Mpeleke kituo cha afya mara moja hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuanza baadaye.

Akiungua

Nguo zikishika moto, mlaze chini, mviringishe, mfunike na blanketi zito. Moto ukizimika, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu kuliko unavyodhani mtoto anapolia. Mtu mwingine aangalie saa. Kama maji ni ya ndoo, mimina kwa kikombe pole pole. Vua nguo zenye mafuta, bangili na shanga kabla ya kuvimba, ila kilichoganda kwenye ngozi kiache. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe ili mtoto asipate baridi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi zinazonata.

Dawa ya meno, unga, mayai, mafuta ya kupikia, kinyesi cha ng'ombe: hakuna hata kimoja. Hufungia joto ndani na kuleta uchafu.

Hospitali haisubiri kesho ikiwa kidonda ni kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au kiko usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haimuumi, au amevuta moshi na sauti imekauka.

Siku ya mkutano wa kijiji

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa kama reli ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. Wapimaji wakifika Keza, mkutano utazungumzia fidia ya mashamba na migomba, na ni haki. Lakini fidia ikimalizika watu huondoka, na akina mama wengi hawakupata nafasi ya kusema kitu. Tunashauri waliopo waulize mambo ambayo mhandisi anaweza kuyajibu palepale, jibu likaandikwa kwenye muhtasari. Mabehewa ya mafuta yatasimama wapi yakisubiri kuvuka kwenda Burundi, na eneo hilo lina mteremko unaoelekea wapi? Shule na zahanati iliyo karibu iko umbali gani? Treni itakuwa na wafanyakazi wangapi, na wanaruhusiwa kufanya kazi saa ngapi bila kupumzika? Ikiegeshwa usiku, nani anabaki nayo? Gari la zimamoto lenye povu la kuzimia mafuta litatoka wapi, na litachukua muda gani kufika? Maji peke yake hayazimi petroli inayowaka, huisambaza tu.

Maswali hayo hayo yanaweza kuulizwa leo, kabla hata reli haijaja, kuhusu maegesho ya malori yaliyo karibu na nyumba yako.