Vinasaba vyasema, lakini havitaji majina

Wataalamu wa lugha walipotafuta neno la Kiswahili la kuitia ile chembe ya mwilini ambayo mtoto huirithi kwa wazazi wake, hawakwenda mbali. Walilichukua neno nasaba, tulilorithishwa na wazee wetu, wakalifanya dogo, wakasema vinasaba. Neno ni zuri, nami silipingi. Walakini limezaa mushkili mmoja: wengi siku hizi wadhani nasaba na vinasaba ni kitu kimoja, na kwamba atakaye kuijua asili yake yamtosha kutema mate katika kichupa, kukipeleka ng'ambo, kisha kungoja majibu katika simu.

Jambo hili limekwisha kuingia majumbani mwetu. Vijana wetu walioko Uingereza, Kanada na Marekani hujipima, na majibu hufika Mvita, Lamu na Malindi siku ile ile. Nyumba moja hucheka, nyumba ya pili hugombana. Nimesikia kwa masikio yangu, katika posa moja, mjomba wa binti akiuliza kama kijana "ameshapimwa asili". Mambo yakifika hapo, ndugu msomaji, hayafai kunyamaziwa.

Kwanza tuifahamu mashine yenyewe. Vipimo ni vya namna tatu. Cha kwanza hufuata chembe iitwayo Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume, naye akampa wake. Cha pili hufuata chembe itokayo kwa mama tu. Huwafikia watoto wote, lakini ni binti peke yake awezaye kuipitisha mbele. Cha tatu huangalia mchanganyiko wote, nusu ya baba na nusu ya mama. Katika mchanganyiko huo ndugu wawili wa tumbo moja hawapati mafungu yaliyo sawasawa, na kwa hiyo majibu yao yaweza kutofautiana, wala si dalili ya aibu yoyote kwa mama yao.

Tena mashine haioni neno Shirazi wala Hadhramaut limeandikwa ndani ya mate. Ilifanyalo ni kulinganisha. Kampuni ina hazina ya watu iliokwisha kuwapima, nayo huangalia wewe wafanana na kundi lipi katika hao. Penye watu wengi waliopimwa, kama Ulaya, jibu hukaribia ukweli. Penye wachache, jibu huwa makisio, na hazina ikiongezwa watu, asilimia zako zaweza kugeuka ilhali mate ni yale yale.

Sasa tuzitazame nasaba zetu wenyewe. Mimi ninayo karatasi ya marehemu baba yangu, kwa hati ya Kiarabu, iliyokaa miaka mingi ndani ya jalada la msahafu. Fulani bin Fulani bin Fulani, hata wakatimia wanaume saba. Mwanamke hamna hata mmoja. Na hebu tupige hesabu: kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na juu yao wanane. Ukipanda vizazi kumi, nafasi zafika 1,024. Jadi ya "bin" kwa "bin" hukuonyesha mtu mmoja tu katika hao, nacho kipimo cha chembe Y hukuonyesha yule yule mmoja. Mtu hujiita Mshirazi, Mwarabu au Mbajuni kwa ajili ya huyo mmoja, na wale 1,023 akawaacha nje ya mlango.

Waliobaki nje ya mlango ndio waliodhihiri mwezi wa Machi 2023, pale jarida la Nature lilipochapisha utafiti wa jopo la wataalamu, miongoni mwao mwanaakiolojia wa Kenya, Chapurukha Kusimba, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walivipima vinasaba vya watu 80 wa kale. Wa pwani walizikwa baina ya mwaka 1250 na 1800 katika miji sita, ikiwamo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Wengine walikuwa wa mji mmoja wa bara. Ilionekana ya kuwa wengi katika watu hao wa pwani walipata zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, na sehemu hiyo ilitoka hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa iliyosalia ilitoka Asia, na katika hiyo, baina ya asilimia 80 na 90 ni ya wanaume wa Uajemi, pamoja na kiasi cha Bara Hindi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000, na baada ya mwaka 1500 hivi asili ya Uarabuni ikazidi.

Habari hii iliwanyamazisha watu wa pande mbili. Wako wanahistoria wa karne iliyopita waliosema hadithi za Shirazi, kama zile zilizomo katika tarehe ya kale ya Kilwa, ni ngano za watu waliotaka makuu. Hao wameona kwamba wazee hawakuwa wakiota. Na wako watu wetu waliodai kwamba wao ni wa ng'ambo watupu, wala hawana udugu na mtu wa bara. Hao nao wameambiwa na mifupa ya Mtwapa na Faza kwamba waliozaa ni mama wa Kiafrika. Tusisahau pia kwamba makaburi yaliyochimbwa ni zaidi ya wenye cheo. Mvuvi, mkulima na mtumwa hawakujengewa kaburi la mawe karibu na msikiti.

Lakini je, hili lilikuwa siri? Lugha tuizungumzayo ni ya Kibantu, na mtoto hufunzwa kusema na mamaye. Lamu, binti aolewapo hupewa nyumba kwao, na mume ndiye ahamiaye. Mama alikuwako siku zote, ndani ya nyumba na ndani ya lugha. Aliyemwondoa ni kalamu.

Na kalamu hiyo ilikuwa na sababu zake. Mkoloni aliwagawa watu baina ya "wenyeji" na "wasio wenyeji", kila kundi na kodi yake na haki zake, basi asili ikawa ngazi ya kupandia. Utumwa nao ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi walitoka bila ya jina la babu wala la mji. Kwa mjukuu wa watu hao siwezi kusema kipimo ni upuuzi. Aliyepokonywa nasaba kwa nguvu, hata dokezo la mashine kwake ni amana iliyorudi. Anayenihuzunisha ni yule mwenye wazee hai ndani ya nyumba, asiyewauliza, akenda kuwauliza watu wa kampuni.

Upande wa sheria yetu, tahadhari. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, lilipokutana Makka Januari 2002, lilikubali vinasaba vitumiwe penye utata, kama vile watoto wanapochanganywa hospitali au maiti wasipotambulikana baada ya maafa. Lakini lilikataza visitumiwe kukanusha nasaba iliyokwisha kuthibiti, wala kuipekua ili kuhakikisha. Mtoto ni wa ndoa aliyozaliwa ndani yake. Kwa hiyo anayepima kwa mchezo, kisha akatangaza majibu mbele ya jamaa, aweza kutia moto katika mirathi na heshima ya waliokufa.

Na mate yako si yako peke yako. Ni ya nduguzo pia, na ya wanao. Kampuni ya 23andMe ya Marekani iliibiwa habari za watu wapatao milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaenda mahakamani kwa kufilisika, mkononi ina hazina ya wateja wapatao milioni 15. Hazina hiyo ikauzwa mwaka huo huo. Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 yazihesabu habari za vinasaba kuwa nyeti, lakini kichupa kikishavuka bahari ni taabu kukifuata.

Nini basi la kufanya? Simu hiyo hiyo iletayo majibu ina kinasa sauti. Kaa na bibi yako baada ya alasiri, umwulize mamaye aliitwa nani, alizaliwa mtaa gani, aliolewa na wangapi, na nani alimnyonyesha. Piga picha hati za viwanja na maandishi ya makaburini kabla mvua na chumvi hazijayala. Andika "binti" kama uandikavyo "bin". Imepokewa kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, alituagiza tujifunze nasaba kwa kadiri ya kuunga udugu, na Sura ya Hujurat yatwambia makabila yamewekwa ili tujuane. Nasaba itumiwayo kumkatalia mtu posa imekwenda kinyume na agizo hilo, iwe imeandikwa kwa wino au imesomwa na mashine.

Karatasi ya baba yangu sikuifuta neno. Chini yake nimeanza safu ya pili, ya wanawake. Hadi leo nimepata majina manne, matatu kwa shangazi yangu na moja kwa mzee wa jirani, na shangazi asema la tano alijua mtu wa Siyu. Nasubiri kusi litulie nende.