Si Kila Waya ni Waya

Hapa kwetu Likoni, na sidhani kama Kisauni au Changamwe mambo ni tofauti, watu wamezoea kusema kwamba waya ni waya. Waya wa simu ukiharibika twanunua mwingine wa shilingi 100, na mwezi haujaisha twanunua tena. Hakuna anayeuliza kuna nini ndani ya ule mpira. Mimi kwa maoni yangu naona msemo huo ni uongo, tena uongo unaotugharimu pesa, kazi za shule na hata heshima ya mtu.

Ajabu ni kwamba Mombasa yenyewe ni mji wa nyaya. Mnamo Juni 2009 waya wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika nchi ya Falme za Kiarabu, ulitua hapa kwetu, na mwezi uliofuata ule wa SEACOM ukaanza kazi. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na mwenzake EASSy zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi nyingine jirani. Je, mafundi walianza kufungua simu za watu? La hasha! Walitafuta pale nyaya zilipokatika, meli ikatumwa kwenda kuziunga. Kama waya wa maelfu ya kilomita hukaguliwa kwanza, kwa nini ule wa mita moja tusiutendee vivyo hivyo?

Tuutazame basi huo waya mdogo. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani yake. Wa nyekundu na wa nyeusi hubeba umeme wa volti 5. Wa nyeupe na wa kijani hubeba data, yaani picha, sauti na maandishi. Mtengenezaji anayetaka kubana gharama huziacha zile mbili za data. Waya kama huo huchaji, lakini ukiuchomeka kwenye kompyuta, simu itaonyesha alama ya chaji ilhali kompyuta imetulia kama maji mtungini. Nyaya za aina hii huja sana na tochi, spika ndogo na visikilizi vya masikioni, vitu ambavyo aghalabu havina haja ya data. Zikifika nyumbani huchanganyika na za simu katika droo moja, na kwa kutazama nje huwezi kuzitenga.

Wala umbo la kichwa halikwambii kitu. Kichwa cha USB-C, kilichotolewa mwaka 2014, sasa kimeenea kote. iPhone ilikipokea mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya umekifanya cha lazima kwa simu mpya tangu tarehe 28 Desemba 2024. Hilo ni jambo jema, lakini kufanana vichwa si kufanana matumbo.

Tazameni yaliyotufika hapa chamani. Muhula wa pili tuliombwa kila mmoja amrekodi mzee wa mtaani kwake akieleza maneno na methali za zamani. Kwa kuwa haturuhusiwi kuja na simu shuleni, wazazi walituazima zao kwa siku moja, zikakabidhiwa mwalimu asubuhi kwa ruhusa maalum. Katika chumba cha kompyuta, simu tatu zilikataa kuonekana. Mara maneno yakaanza. Huyu asema, "Ni simu mbovu hizi." Yule asema, "Hawa hawakurekodi lolote, watafuta visingizio tu." Mwenzetu mmoja, aliyekuwa amemrekodi nyanyake wa Mtongwe kwa dakika 40, alitokwa na machozi mbele ya watu. Kumbe simu zote tatu zilikuwa zimejaribiwa kwa waya ule ule mmoja! Ulipoletwa mwingine kutoka afisini, zote zilionekana, na sauti ya yule bibi ikajaa chumba kizima akieleza tofauti ya maji mafu na maji ya bamvua.

Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Siku ile ilisingiziwa simu, akasingiziwa na mtoto wa watu, na maneno ya mzee ambayo huenda yasirekodiwe tena yalibaki kidogo yatupwe. Ndiyo maana nasema hili si jambo la mafundi pekee.

Najua wapo watakaoniambia, "Yakhe, waya wa nini siku hizi? Si utume tu kwa WhatsApp?" Hoja hiyo ina nguvu kwa picha moja au mbili. Lakini kutuma kunahitaji bando, na bando ni pesa. Isitoshe, picha zitumwazo kwa njia hiyo kwa kawaida hupunguzwa ubora, na zikifika kwenye ukurasa wa jarida huwa zimefifia. Waya mzuri hauli bando wala haupunguzi kitu.

Je, simu ikikataa kuonekana tufanye nini? Siri ni moja, nayo tumefunzwa katika maabara: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ndipo utajua mkosaji ni nani. Kwanza fungua kufuli ya simu. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu nyingi zikiunganishwa huchaji tu mpaka uziamuru vingine, kwa hivyo vuta chini ile orodha ya arifa, gusa panapotaja USB na uchague kuhamisha faili. iPhone nayo huuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Usipokubali haitoi kitu. Pili, hamia tundu jingine la kompyuta, na kama ni ile kubwa ya mezani, jaribu matundu ya nyuma. Tatu, badilisha waya. Nne, chungulia tundu la simu. Nyuzi za mfukoni na vumbi hujikusanya mle, na hewa yetu ya chumvi hushikisha kutu zile ncha ndogo za ndani. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, uchokoe taratibu. Usitumie pini, wala usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina maji. Tano, zima simu na kompyuta, uziwashe upya. Yote hayo yakishindikana ndipo umtafute fundi. Jirani yetu mmoja aliruka hatua hizi zote akalipa shilingi 1,500 kubadilishiwa tundu la simu. Alirudi nyumbani akachomeka waya wake ule ule, na hali ikawa ile ile.

Sasa nije kwenye kuchaji. Wenzangu wa kidato cha tatu mnaosoma fizikia, hapa kanuni ya Ohm si ya mtihani pekee. Nyuzi za waya hupimwa unene kwa nambari, na kadiri nambari inavyopungua ndivyo uzi unavyonenepa. Uzi wa shaba wa nambari 28 una ukinzani wa karibu omu 0.21 kwa mita. Wa nambari 24 una karibu omu 0.08. Umeme huenda na kurudi, kwa hivyo waya wa mita moja ni mita mbili za shaba. Ukipitisha ampea 2, ule mwembamba hula karibu volti 0.85 njiani, na mnene hula kama volti 0.34 tu. Yaani katika volti 5 zilizotumwa, simu ya kwanza yapokea kama 4.15 na ya pili 4.66. Ndiyo sababu simu hukesha kwenye stima na asubuhi haijajaa, nawe waituhumu betri. Waya wa mita mbili hupoteza maradufu, basi usinunue mrefu kwa ajili ya fahari. Lakini tuwe waadilifu: simu ikichajiwa kwa kompyuta huenda polepole hata kwa waya mzuri, kwani tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa nusu ampea tu.

Ukienda kununua, iwe Kongowea, Magongo au hapa karibu na feri, nenda kwenye kibanda chenye kompyuta. Muulize muuzaji, "Kaka, huu wapitisha data?" Akijibu, "Wapitisha kila kitu, mamangu," mwambie auchomeke uone kwa macho yako. Tazama kama pameandikwa nambari ya nyuzi, 24 au 28. Shika shingo ya waya, pale unapoingia kwenye kichwa; ndipo nyaya nyingi hufia, kwa hivyo pawe pagumu kiasi na pasiwe pamelegea. Kichwa kikae imara ndani ya simu bila kuchezacheza. Kama ni C, kigeuze upande wa pili ujaribu tena. Alama ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) itazame pia, ingawa karatasi yaweza kuigwa, jaribio haliigiki.

Hali kadhalika, wako watakaosema kwamba maskini hachagui. Hilo silidharau, maana aliye na shilingi 100 mkononi leo hawezi kununua kwa 350 anazotarajia kupata kesho. Lakini kwetu nyumbani mwaka jana zilinunuliwa nyaya 6 za shilingi 100, yaani 600. Mwaka huu umenunuliwa mmoja wa 350 na ungali wafanya kazi. Rahisi ghali. Mwenye pesa kidogo ndiye asiyeweza kumudu kununua mara sita, na ndiye anayestahili kuambiwa ukweli na muuzaji. Wachuuzi wengi ni baba zetu na kaka zetu. Hatuwaombi waache kuuza nyaya za kuchaji tu, kwani nazo zina faida. Ukichaji mahali pa watu usipopaamini, waya usiopitisha data huilinda simu yako. Tunachowaomba ni kutamka tu: huu ni wa chaji, huu ni wa chaji na data.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, chama chetu kinunue nyaya mbili nzuri kutokana na ada za wanachama, zijaribiwe, zifungwe kitambaa chekundu shingoni na zikae kabatini kwa mwalimu. La pili, kila mmoja wetu azijaribu nyaya za kwao wikendi hii, na zile zisizopitisha data azifunge uzi mweusi ili zisichanganyike tena. La tatu, nalo ndilo kubwa, isiwe tena kwamba mwanafunzi yeyote aambiwe hakufanya kazi kabla simu yake haijajaribiwa kwa waya wa pili.

Shime wenzangu! Kuna wazee wengi Mtongwe, Mikindani na Mtopanga ambao maneno yao bado hatujayarekodi. Tukawafuate, na tukirudi na sauti zao, zisiishie kwenye waya wenye nyuzi mbili.