Simulia ajali ya mtoto hadi mwisho, hata pale ulipokosea

Ujumbe wenyewe unaujua, msomaji, maana huenda umeshaupokea au umeshautuma. Ni saa saba mchana, simu inaita ndani ya kundi la WhatsApp la akina mama wa kikoba: “Wapendwa, mtoto kamwagikiwa na uji wa moto mkononi, nifanyeje?” Chini yake kuna picha ya mkono mdogo, ngozi imeanza kunyanyuka. Kwa mtandao wetu wa Ushetu picha haijamaliza hata kufunguka, lakini majibu kumi yameshaingia. Mpake dawa ya meno. Asali. Unga wa ngano. Ute wa yai. Mafuta ya kondoo, yalimponya wa kwangu. Anayejibu haraka kuliko wote, mara nyingi, ni dada yetu aliyeko Dar es Salaam, ambaye mtandao wake ni mzuri na mtoto hayuko mbele yake.

Sitaki kuyasema vibaya makundi haya. Anayeishi Ulowa, Bulungwa au Uyogo anajua umbali uliopo kati ya nyumba na nyumba msimu wa kilimo, na anajua maana ya kubaki peke yako na watoto wanne wakati baba yao yuko machimboni upande wa Mbogwe au Geita. Kundi ndilo baraza letu. Humo tunaambiana kuku wameibwa, mtoto kameza sarafu ya shilingi mia, kesho nakwenda Kagongwa kukoboa mpunga, nani ana gunia moja tulipie gari pamoja. Mama akisema humo kwamba usiku hakulala kwa kikohozi cha mtoto, asubuhi ana watu ishirini waliompa pole. Hilo peke yake ni dawa ya aina yake, na sijui hospitali inayoitoa.

Shida ninayotaka tuizungumze wiki hii ni nyingine. Katika kundi, nani anasimulia na nani ananyamaza?

Fikiria akina mama watano ambao watoto wao waliungua na chai, na wote watano wakapaka dawa ya meno. Watatu kidonda kilikuwa kidogo, cha juu tu, ambacho kingepona hata kisingepakwa kitu. Wakapona, na mama zao watakwambia mpaka kesho kwamba dawa ya meno inaponya. Wa nne alipata usaha akalazwa siku tisa. Wa tano alipona, lakini vidole viwili vimekunjika na havinyooki. Mama wa mtoto wa nne hakuandika chochote siku zile tisa. Bando lilikwisha, simu ilikosa chaji, na alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akipepea. Aliporudi nyumbani aliona aibu. Mama wa mtoto wa tano haweki picha ya mkono ule mahali popote. Basi siku nyingine mtu akiuliza “nifanyeje?”, majibu matatu yatasema dawa ya meno, na mawili hayatakuwepo.

Hakuna aliyedanganya hapo. Ila kumbukumbu ya kundi imekaa upande mmoja.

Ndivyo inavyokuwa pia kwenye homa. Mama anaandika kwamba mtoto wa miezi saba anachemka, anaharisha, hanyonyi vizuri, na jibu linarudi: hayo ni meno ya plastiki, yatolewe. Kinachoitwa meno ya plastiki ni meno ya kawaida ya mtoto ambayo hayajatoka bado kwenye fizi. Anayeyatoa anachokonoa fizi changa kwa chombo kisicho safi, huku homa yenyewe ikiendelea na safari yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliiweka Shinyanga kati ya mikoa yenye malaria nyingi zaidi kwa watoto wadogo, karibu watoto 16 katika kila 100, wakati wastani wa nchi ni 8. Kwa hiyo mtoto wa Ushetu mwenye homa anapaswa kupimwa malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kinachukua tone moja la damu na kama robo saa, na sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Waliotolewa meno na homa ikaondoka yenyewe wanasimulia. Waliovuja damu, au waliozikwa, hawana msimulizi kwenye kundi.

Turudi kwenye mtoto wa uji, maana mkono bado unachoma tangu tulipoanza kuzungumza.

Kinachotakiwa kwanza ni maji. Maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yamiminike juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Najua unaniambia bomba liko wapi. Huhitaji bomba. Ndoo na kikombe vinatosha: chota, mimina taratibu, chota tena, na mwenye kukusaidia akulete ndoo ya pili. Maji ya kisima yanafaa ikiwa ni safi. Dakika 20 ni nyingi mtoto akiwa analia, kwa hiyo tazama saa ya simu, maana moyo utakwambia umeshamaliza zikiwa tatu tu. Hata kama umechelewa, ndani ya saa tatu maji bado yanasaidia. Wakati unamimina, mvue nguo iliyolowa uji na umtoe bangili, pete au shanga kabla mkono haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi iache. Mwili uliobaki ufunike khanga asipate baridi, hasa akiwa mchanga. Malengelenge usiyapasue. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na mwondoke.

Mwondoke, ndiyo, maana kuungua mkono hakutibiwi nyumbani hata kukionekana kudogo. Uso, mikono, miguu, viungo vinavyokunja na sehemu za siri, vyote vinaonwa na mtaalamu. Vivyo hivyo kidonda chochote kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au mtoto wa chini ya mwaka mmoja, au aliyeunguzwa na umeme. Beba kadi ya kliniki waangalie chanjo zake, ikiwamo ya pepopunda.

Nayasema haya nikiwa na deni. Binti yangu alipokuwa na miaka miwili alivuta kitambaa cha meza na kikombe cha chai kikamwagikia begani. Nilikuwa nimeshaandika kuhusu kuungua kwenye safu hii, mara mbili. Lakini mtoto alipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia, bibi yake akasema lete dawa ya meno, na mkono wangu ukaenda kwenye dawa ya meno. Kituoni muuguzi alilazimika kuikwangua yote ili akione kidonda. Kule kukwangua kulichukua muda mrefu kuliko kufunga bandeji, na nilimshika binti yangu mabega ya miguu na kiuno asiruke. Jioni niliandika kwenye kundi: “Mtoto aliungua kidogo na chai, anaendelea vizuri, asanteni kwa maombi.” Nikapata mikono ya maombi zaidi ya arobaini. Dawa ya meno sikuitaja. Nani angeitaja, na mimi ndiye mwandishi wa mambo ya afya?

Mwaka uliofuata jirani mmoja, mwanakundi yuleyule, alimpaka mwanawe dawa ya meno baada ya kuungua na sufuria ya maharage. Siwezi kuapa kwamba ningesema angeacha. Najua tu kwamba sikusema.

Basi ombi langu kwako ni hili: ukishatulia, rudi kwenye kundi uimalizie habari. Sema ulifanya nini, hata kama unaona haya, na muuguzi alisema nini alipoona, na ilichukua siku ngapi, na kovu limebaki wapi. Mwenzako anayeiweka dawa ya wadudu ya pamba au tumbaku ndani ya chupa ya soda atajifunza zaidi kwa mtu anayemjua aliyesema “mwanangu alikunywa, nilimpa maziwa na kumtapisha, daktari akaniambia nimezidisha hatari” kuliko kwa makala yangu yote. (Na kweli usimtapishe, awe amekunywa dawa ya wadudu au mafuta ya taa, kimbia naye kituoni na chupa yenyewe mkononi.) Ukiwa kiongozi wa kundi, uliza. “Yule wa degedege wa juzi anaendeleaje?” ni swali la sekunde tano, na jibu lake linaweza kusema kwamba kijiko kilichowekwa mdomoni ndicho kilichovunja jino.

Na wakati ajali bado ni mbichi, badilisha swali. “Nifanyeje?” peleka kituoni, au kwa mhudumu wa afya wa jamii wa kitongoji chako, ambaye namba yake inafaa iwe imehifadhiwa leo kabla hujaihitaji. Kundi liulize yale linaloyaweza: “Nani ana pikipiki karibu na Nyamilangano sasa hivi? Nani abaki na mdogo wake? Nani aniazime elfu kumi hadi Jumamosi?” Kwa maswali hayo sijaona daktari anayelishinda kundi.

Hapo ndipo linapokuja suala la mipango. Tuna tabia ya kueleza ajali na kuficha safari. Mjamzito hasemi anatarajia lini, kwa kuogopa macho ya watu, halafu uchungu unaanza usiku wa mvua na kila mtu anashtuka. Hofu hiyo siidharau, nimekulia ndani yake. Lakini kati ya kutangazia watu mia mbili na kutomwambia mtu yeyote kuna nafasi kubwa. Chagua watatu: mmoja mwenye usafiri au anayemfahamu dereva mwaminifu, mmoja atakayelala na watoto, na mmoja atakayekusindikiza na aliye tayari kutoa damu ikihitajika. Waandikie pembeni, nje ya kundi: wiki ya kujifungua, kituo nilichoandikiwa, kadi iko wapi, hela iko wapi.

Wote watatu wawe na namba 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ambao mkoa wetu wa Shinyanga ulikuwa kati ya ile ya mwanzo kabisa kuujaribu kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajauzindua kwa nchi nzima Aprili 2022. Unahudumia dharura ya mjamzito, ya mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na ya mtoto mchanga hadi siku 28. Gari la wagonjwa likiwa mbali wanaweza kumtuma dereva wa kijamii aliyesajiliwa, na anayelipwa na serikali ni dereva. Wewe hudaiwi nauli. Nimeona kundi likibishana dakika hamsini ni bodaboda gani aitwe kwa mama anayevuja damu, na hakuna aliyepiga 115.

Neno moja juu ya picha. Mtoto aliyeungua mapaja amepigwa picha akiwa uchi, na picha imeingia kwenye simu za watu mia mbili. Simu hizo zinauzwa, zinaazimwa, zinachezewa na vijana wa nyumbani. Miaka kumi baadaye mtoto huyo atakuwa kidato cha kwanza na picha bado iko mahali. Tangu Mei 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu zimo katika zile zinazolindwa zaidi. Lakini hata bila sheria, piga picha ya kidonda peke yake, isionyeshe uso wala uchi, mtumie mhudumu anayekutibu, na uifute. Kadi ya kliniki na majibu ya vipimo visiingie kundini kabisa, hata kwa furaha.

Wiki iliyopita, kabla ya kuandika haya, niliona siwezi kukuomba jambo ambalo sijalifanya. Nikaandika kwenye kundi letu habari ya bega la binti yangu, na dawa ya meno nikaitaja. Kwa saa nzima hakuna aliyejibu, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika kundi lile. Usiku mama mmoja akaniandikia pembeni. Mwanawe aliungua mkono akiwa na mwaka mmoja, sasa ana minne, na vidole havifunguki. Alikuwa anajua kwamba muda umeshapita na hakuna la kufanya. Nikamweleza kwamba mkono uliokunjwa na kovu unaweza kuonwa na madaktari, kwa mazoezi au kwa upasuaji, na aanzie hospitali ya Kahama, wakiona inafaa watampa rufaa. Akaniuliza nauli ni kiasi gani siku hizi, na kama watamsema kwa kuchelewa. Nikamwambia akisemwa anyamaze, asubiri waumalize, kisha awaonyeshe mkono. Anaondoka Jumatatu alfajiri. Mpunga wa kulipia nauli umeshapata mnunuzi, kwenye kundi.