NYUMBANI NA KAZINI: Taa Ikizimika, Maandishi Yabaki



Juma hili safu yetu inaacha jiko na bustani na kuketi mezani mbele ya kompyuta. Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya ofisini. Sivyo tena. Katika nyumba nyingi za askari na polisi, kompyuta ya mezani, aghalabu iliyokwisha tumika kwingine kabla ya kununuliwa, ndiyo daftari la nyumba. Ndani yake mna barua, mahesabu ya mwezi, kazi za shule za watoto na orodha za vyama vyetu vya kuweka na kukopeshana. Na daftari, liwe la karatasi au la umeme, lina kazi moja iliyo kubwa kuliko zote: kutunza kilichoandikwa.

Hapa Kajaga, kandokando ya barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo, somo hilo tulifundishwa mara mbili. Mara ya kwanza mwalimu alikuwa maji. Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za upande wa ziwani. Jirani yangu, mama wa watoto wanne na mwandishi wa chama cha akina mama wa mtaani kwetu, aliwahi kuokoa watoto, magodoro na sufuria. Daftari la chama lilikuwa katika droo ya chini. Alipolitoa, kurasa zilikuwa zimegandamana na wino umekuwa doa moja la buluu. Chama kikaamua kuwa tangu siku hiyo hesabu zihamie kwenye kompyuta.

Mara ya pili mwalimu alikuwa giza. Jioni moja mama huyo aliketi tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, akiingiza michango ya miezi mitatu, jina kwa jina, kutoka katika vipande vya karatasi alivyoletewa na wanachama. Kila alipomaliza kipande alikitia katika jiko la mkaa, kwani aliona kazi yake imekwisha. Akiwa karibu na mwisho, umeme ulikatika. Kompyuta ya mezani haina betri. Ilizimika papo hapo. Umeme uliporudi, programu ndogo ya kuandikia iliyokuja na mashine ilifunguka ikiwa nyeupe kama shuka. Hakuwa amehifadhi hata mstari mmoja.

Miongoni mwa majina yaliyopotea lilikuwamo la mjane wa askari, ambaye alikuwa akichangia bila kukosa na kutegemea mkopo wa chama kwa karo ya mtoto wake. Hakuwa na karatasi nyingine. Katika mkutano uliofuata wengine walitaka alipe upya, wengine walimtetea. Mwishowe walikubali kumwamini. Lakini alitoka mkutanoni ameinamisha kichwa, maana kuaminiwa kwa huruma si sawa na kuwa na ushahidi mkononi.

Nimeyasimulia haya kwa sababu kila mara programu mpya inapotangazwa, watu huuliza kwanza kuhusu rangi na urembo wake. Mimi nakuomba uulize mambo mawili tu: je, taa ikizimika, maandishi yangu yatabaki? Na je, wenye kuitengeneza bado wanaziba matundu yake?

Tuanze na programu tuliyoizoea. Notepad, ile ndogo iliyomo katika kompyuta za Windows tangu mwaka 1985, ilikaa miaka mingi bila kubadilika sana. Ukikosea, iliweza kutengua kosa moja tu la mwisho. Orodha iliyoandikwa kwenye mashine ya Linux, ikifunguliwa humo, ilionekana kama mstari mmoja mrefu usio na mwisho. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 2018. Katika Windows 11 imepewa uwezo wa kutengua makosa mengi kwa mfululizo, na mwaka 2023 ikafundishwa kukumbuka, unapoifunga na kuifungua tena, maandishi ambayo hukuyahifadhi. Hayo ni maendeleo mema. Ila mashine nyingi za majumbani kwetu ni kuukuu, haziwezi kupokea Windows 11, na Windows 10 iliachwa kupewa marekebisho ya kawaida na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashine ya namna hiyo afanyeje?

Mtoto mkubwa wa jirani yangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo, alileta jibu. Aliitia katika mashine ya mama yake programu iitwayo Vim. Haiuzwi, ni nyepesi, na huenda hata katika kompyuta iliyochoka, iwe ya Windows au ya Linux. Na historia yake imepita karibu na kwetu kuliko wengi wanavyodhani.

Mholanzi Bram Moolenaar aliianza kwa ajili ya Amiga, kompyuta ya nyumbani iliyokuwa na sifa katika miaka ya 1980, akiitoa kwa umma mwaka 1991. Aliiga programu ya zamani iitwayo vi, ambayo Bill Joy aliiandika huko California mwaka 1976, kisha akaizidisha. Mwaka 1994 bwana huyo alikwenda Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, katika eneo la Rakai karibu na mpaka wa Tanzania, akajitolea mwaka mzima katika kituo cha watoto, akifanya kazi za maji safi na usafi wa mazingira. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi katika eneo hilo. Aliporudi kwao alianzisha shirika dogo la kuwasaidia, na badala ya kuuza programu yake aliwaambia watumiaji: itumieni bure, igawaneni, na mwenye uwezo awakumbuke watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi, kila aliyeifungua Vim pasipo faili alikuta kwenye kiwambo maneno ya kuwaombea msaada watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Wenzake waliendelea na kazi, na toleo 9.1, lililotoka tarehe 2 Januari 2024, walilitoa kwa kumbukumbu yake.

Sasa tuone inavyofanya kazi. La kwanza na kubwa ni faili la akiba. Unapoandika, Vim huweka pembeni faili la pili, lililofichwa, na kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa nukta nne, huandika humo mabadiliko yako kwenye diski bila kuagizwa. Umeme ukikatika, faili hilo hubaki. Utakapofungua tena orodha yako, programu itakuonya kuwa imekuta akiba na kukuuliza la kufanya. Bonyeza herufi R, nayo italeta maandishi yaliyookolewa. Yakague, yahifadhi kwa jina jipya, yalinganishe na ya zamani. Ukisharidhika, ndipo ulifute faili la akiba. Usilifute kabla.

La pili ni kutengua. Tangu toleo 7.0 la mwaka 2006, Vim hushika kumbukumbu ya kila badiliko, hata lile ulilolitengua kisha ukaandika jingine juu yake. Mtoto akichezea vitufe na kuharibu ukurasa, andika “:earlier 10m”, nayo itakurudishia maandishi jinsi yalivyokuwa dakika kumi zilizopita. Toleo 7.3 la mwaka 2010 liliongeza uwezo wa kuweka kumbukumbu hiyo kwenye diski, ukiiagiza, ili hata kesho yake uweze kutengua kosa la jana.

La tatu litawafurahisha walimu. Toleo hilohilo la 2006 lilileta ukaguzi wa tahajia, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Andika “:set spell spelllang=sw”. Ikiwa kamusi haimo katika mashine, programu itaomba ruhusa ya kuileta kwa intaneti. Neno lisilofahamika hutiwa alama; ukiliwekea kishale na kubonyeza “z=” utapata mapendekezo, na ukibonyeza “zg” unaiambia kuwa neno ni sahihi. Kwa njia hiyo majina ya watu wetu na ya mitaa yetu hayatatiwa alama ya kosa kila siku.

Sitakuficha ugumu wake. Vim ina hali kadhaa, zikiwamo ya kuamuru na ya kuandika. Ukiifungua na kuanza kuandika moja kwa moja, herufi zako huchukuliwa kuwa amri, na vitimbi huanza. Bonyeza kwanza herufi i, ndipo uandike. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha Esc, kisha andika “:wq” na Enter. Maana yake hifadhi na utoke. Wenye vibodi vya Kifaransa kama vyetu tunayo nafuu moja: nukta pacha hupatikana kwa kitufe kimoja, bila kushikilia kingine. Jirani yangu alitumia siku tatu kuzoea, na siku ya kwanza alimwita mwanawe mara saba.

Lakini nilisema maswali ni mawili. La pili linahusu matundu, nalo askari na polisi watalielewa upesi. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba mtu mwovu angeweza kuficha ndani ya faili la maandishi mstari mmoja wa maagizo, na kulifungua tu faili hilo katika Vim kungetosha kuendesha amri zake katika mashine yako. Hukubonyeza kitu cha ajabu. Ulisoma barua tu! Wenye programu waliziba tundu hilo kwa kiraka namba 1365 cha toleo 8.1. Nasema kiraka kwa sababu kazi yao ndivyo ilivyo: kila rekebisho hupewa namba yake na kushonwa mahali palipochanika, kama ufanyavyo sare iliyotoboka kiwikoni. Lakini kiraka kilichoshonwa kwa fundi hakikufai ikiwa wewe bado unavaa shati lako la zamani. Aliyeweka Vim mwaka 2018 na asiigeuze tena, tundu hilo bado liko nyumbani kwake.

Kwa hiyo nawashauri haya:

1. Andika “:version” uone toleo ulilonalo. Likiwa ni la kabla ya 9, lete jipya kutoka kwa wenye programu wenyewe, wala si kutoka katika diski ya kupitishwa mkono kwa mkono.

2. Faili lililotoka kwa usiyemjua lisifunguliwe kwa sababu tu ni maandishi matupu. Mwenye shaka aandike “:set nomodeline” kabla ya kulifungua.

3. Faili la akiba huokoa, lakini pia hufichua, kwani nakala ya ulichoandika hubaki humo. Mambo ya kazi ya askari yasiandikwe kabisa katika kompyuta ya nyumbani, ambamo watoto na wageni wanashika.

4. Hifadhi mara kwa mara kwa “:w”, na kila mwisho wa juma weka nakala katika diski ndogo itakayokaa nyumba nyingine. Hakuna programu itakayookoa mashine iliyozama.

5. Vipande vya karatasi visitiwe jikoni mpaka orodha imehifadhiwa, imechapwa na kutiwa sahihi na wanachama.

Ama jirani yangu, umeme ulimkatikia tena akiwa katikati ya orodha ya michango. Safari hii hakupiga kelele. Alikaa gizani na watoto wake wakala viazi, na umeme uliporudi akafungua mashine, akasoma onyo, akabonyeza R. Majina yote yalirudi isipokuwa nusu ya jina moja la mwisho, lile alilokuwa akiliandika taa ilipozimika. Jumamosi iliyofuata orodha ilisomwa mkutanoni. Jina la yule mjane lilisomwa kwa zamu yake kama la wenzake, pamoja na kiasi alichotoa, na hakuna aliyeuliza swali. Alipewa mkopo wake siku ileile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla ya kulala, fungua programu yako ya kuandikia uitazame toleo lake. Hadi juma lijalo, ndugu msomaji, kaa salama na wa nyumbani kwako.