Kodi ya mshahara na saa za kazi za baba na mama

Tunapozungumza juu ya kodi, tunauliza kwanza: wanachukua faranga ngapi? Kuna swali la pili linalogusa nyumba zetu zaidi: kodi inamfanya nani aongeze saa za kazi, na nani aziache?

Tuanze na wenye mshahara. Katika nchi yetu kodi ya mshahara, ile tuliyozoea kuiita IPR, inakatwa na mwajiri kwa kila mfanyakazi peke yake. Kwa viwango tulivyovizoea, faranga 162.000 za kwanza za mwezi zinakatwa 3%, na zinazofuata, hadi 1.800.000, zinakatwa 15%. Tuchukue mfano. Baba anapata 300.000. Mama ni muuguzi, anapata 150.000. Mama anakatwa 4.500. Lakini kama mshahara wake ungehesabiwa juu ya ule wa mumewe, ungekatwa 22.500. Faranga 18.000 zingepotea kila mwezi, na nyumbani wangeanza kuulizana kama zamu zile za usiku zina faida. Mara nyingi anayeacha kazi ni mama.

Jambo hili limeonekana kwingine. Ujerumani, tangu 1958, wenye ndoa wanaweza kujumlisha mapato yao na kuyagawa sawa kabla ya kuhesabu kodi. Jumla ya kodi inapungua, lakini mshahara mdogo wa mke unabeba kiwango cha juu tangu faranga ya kwanza, na wake wengi huko wanafanya kazi saa chache. Sweden iliacha hesabu ya pamoja mwaka 1971, na wachunguzi wanaona kwamba hiyo ni moja ya sababu zilizowaleta wanawake wengi kazini. Kwa hiyo, katika hili, sheria yetu haimzuii mama.

Lakini hapa Salamabila, ni wangapi wenye karatasi ya mshahara? Kazi ya kampuni kule Namoya iliposimama mwaka 2019, wengi waliipoteza ile waliyokuwa nayo. Nyumba nyingi zinaishi kwa dhahabu ya kuchimbwa kwa mikono, kwa shamba na kwa soko. Na malipo ya sokoni na njiani hayafuati mapato. Yanafuata kikapu.

Tuseme malipo ya siku ni faranga 1.000. Mama aliyeuza vitu vya 20.000 ametoa 5%. Mama aliyeuza vya 4.000 ametoa 25%. Huyu wa pili ana njia mbili: akae sokoni mpaka giza, au asije tena. Akikaa, maji, kuni na sombe ya kutwanga vinamngoja nyumbani. Saa hizo hakuna anayezihesabu.

Maniema imekwisha kuona hayo. Wakati wa Wabelgiji, kodi ya kichwa ilidaiwa kwa mwanaume. Tangu 1917 kilimo cha pamba kilikuwa cha lazima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza. Fedha ya pamba iliwekwa mkononi mwa baba, naye akalipa kodi. Lakini aliyepalilia na kuvuna, tena akarudi kupika, mara nyingi alikuwa mama. Daftari liliandika jina la mmoja. Jasho lilikuwa la wawili.

Sheria ya jamaa ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa mambo mengi ya kisheria. Mwaka 2016 ruhusa hiyo iliondolewa. Ni hatua njema, lakini ruhusa haiongezi saa katika siku ya mama.

Hatusemi watu wasilipe. Paulo aliwafundisha waamini wa Roma kulipa kodi kwa yule anayestahili. Lakini Yohana Mbatizaji naye aliwaambia watoza ushuru wasidai zaidi ya kilichoamriwa. Kwa hiyo makutaniko yetu yawasaidie wauzaji kujua kiwango halali, kudai risiti kila wanapolipa, na kwenda pamoja mbele ya wakubwa wa soko kuomba kwamba kikapu kidogo kilipe kidogo.

Na jambo moja halihitaji serikali. Mama akirudi gizani kwa sababu ya ushuru, baba anaweza kuwa amekwisha kuchota maji na kuwasha moto. Mzigo wa kodi ni wa nyumba nzima. Usibebwe na saa za mmoja.